Kanuni za Pembezoni katika Mchezo wa Bao: Jinsi Zilivyogunduliwa na Jinsi Zinavyoweza Kupotea

1.0 Utangulizi

Barabara itokayo Lubumbashi kuelekea kaskazini-mashariki hugawanyika Kasomeno. Tawi moja huelekea Kasenga, ukingoni mwa mto Luapula, na jingine huelekea Pweto, penye ziwa Mweru. Mahali pa namna hiyo hukutanisha wasafiri wa lugha nyingi, na Kiswahili cha Katanga ndicho kinachowaunganisha. Na ichukuliwe kwa mfano kwamba wawili kati yao, mmoja aliyejifunza mchezo wa mashimo kwa wazee wa Kiluba na mwingine aliyeujifunza pwani ya Tanzania, wamechimba safu nne za mashimo mchangani na kuokota kokoto ili kupitisha muda wakingojea gari. Kila mmoja wao ana hakika kwamba anaujua mchezo. Hata hivyo, haitachukua muda mrefu kabla ya mikono kusimama juu ya shimo moja. Mmoja atasema zamu imekwisha, mwingine atasema bado inaendelea, na kila mmoja atashangaa kwamba mwenzake hajui jambo lililo wazi kiasi hicho.

Katika makala haya, kanuni zinazozua mshangao huo zinaitwa kanuni za pembezoni. Hizi ni kanuni ambazo hazitajwi mchezo unapofundishwa kwa mara ya kwanza, kwa kuwa hali zinazozihitaji hutokea kwa nadra. Anayezisikia kwa mara ya kwanza huziona kama visa, au kama hila ya mpinzani anayekaribia kushindwa. Makala haya yanatetea hoja kwamba kanuni hizo si visa wala hila, bali ndizo sehemu ya mchezo inayohifadhi historia ya fikra za wachezaji wake. Yanaonyesha pia kwamba zimegunduliwa kwa njia tatu zilizofuatana: mabishano ya wachezaji, kalamu za waandishi, na hatimaye kompyuta. Njia ya tatu ndiyo inayodai ukamilifu kuliko zote, na kwa sababu hiyo hiyo ndiyo inayoweza kufuta kile ambacho hakikusemwa kabla yake.

2.0 Mchezo Wenyewe kwa Muhtasari

Bao linalochezwa Unguja na katika sehemu nyingi za Waswahili lina safu 4, na kila safu ina mashimo 8. Kila mchezaji humiliki safu 2 zilizo upande wake, yaani mashimo 16. Kete ni 64, aghalabu mbegu za mkomwe, na kila mchezaji huanza na 32. Mwanzoni, kete 6 huwekwa katika shimo la tano la safu ya mbele, likihesabiwa kutoka kushoto kwa mchezaji. Shimo hilo huitwa nyumba, na katika mbao nyingi huchongwa kwa umbo la mraba ili litofautiane na mengine. Kete 2 huwekwa katika kila moja ya mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia wa nyumba. Kete 22 zinazosalia hubaki akiba.

Mchezo una awamu mbili. Katika awamu ya kwanza, ambayo ni ya kunamua, mchezaji huingiza kete moja ya akiba kila zamu yake katika shimo la safu ya mbele lisilo tupu. Ikiwa shimo linaloelekeana nalo upande wa mpinzani lina kete, basi huzila, na kula ni lazima pale inapowezekana. Akikosa cha kula, hutakata, yaani husambaza kete zake mwenyewe bila kula. Akiba ya kete ikiisha, huanza awamu ya mtaji, ambamo mchezaji huzoa kete zilizomo ubaoni na kuzisambaza moja moja katika mashimo yake. Anayemalizwa safu ya mbele, au anayekosa njia ya kucheza, ameshindwa.

Mambo mawili yafaa kushikwa tangu hapa, kwa sababu ndiyo chimbuko la kanuni za pembezoni. La kwanza ni kwamba kete zilizoliwa hazitolewi ubaoni. Husambazwa upande wa aliyezila, kuanzia shimo la pembeni la safu ya mbele ambalo huitwa kichwa. Kwa hiyo hakuna kete inayotoka mchezoni, na anayezidiwa sasa anaweza kuzirudisha zote baada ya zamu chache. La pili ni kwamba zamu moja haina urefu maalumu. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, na kukawa hakuna cha kula, mchezaji huzoa yote yaliyomo na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, zamu hulala. Kati ya kuanza na kulala, ubao mzima unaweza kubadilika sura.

3.0 Baadhi ya Kanuni za Pembezoni

3.1 Nyumba

Nyumba ni shimo kama mengine kwa umbo la kazi yake, lakini lina sheria zake. Mchezaji anayekula, akiwa katika awamu ya kunamua, akiangusha kete ya mwisho katika nyumba yake ambayo haijavunjwa wala kuliwa, na pasiwe na cha kula hapo, ana hiari. Anaweza kulala na kuihifadhi akiba hiyo, au kuizoa yote na kusafiri nayo. Mahali pengine popote ubaoni kanuni ndiyo inayoamua. Hapa peke yake mchezaji ndiye mwenye uamuzi katikati ya mwendo. Nyumba ikishavunjwa, hugeuka shimo la kawaida na haki hiyo haipo tena.

Ipo kanuni nyingine iliyo nyembamba zaidi. Mchezaji akilazimika kutakata wakati wa kunamua, na nyumba ikawa ndilo shimo pekee lenye kete katika safu yake ya mbele, haruhusiwi kuizoa yote. Huchukua kete 2 tu na kuzisambaza. Mgeni huuliza kwa nini ziwe 2 na zisiwe zote. Jibu limo katika mantiki ya nyumba yenyewe. Kama mchezaji angelazimishwa kuivunja kwa sababu tu hana shimo jingine, shambulio la mapema lingetosha kubomoa kila kitu, na hiari iliyoelezwa hapo juu isingekuwa na thamani. Kanuni ya kete 2 ni ulinzi wa kanuni ya hiari.

3.2 Kete kumi na sita

Katika awamu ya mtaji, shimo lenye kete 16 au zaidi haliwezi kutumiwa kuanzisha kula. Sababu yake yaweza kuhesabiwa na mtu yeyote. Upande wa mchezaji mmoja una mashimo 16. Anayezoa kete 16 na kuzisambaza atazunguka upande wake wote na kuangusha ya mwisho pale pale alipoanzia. Kuanzia idadi hiyo, mwendo hupita juu ya chanzo chake wenyewe. Kanuni hii basi inatokana na ukubwa wa ubao, wala si na mapenzi ya mtu. Katika ubao wenye mashimo machache zaidi idadi hiyo ingepaswa kupungua. Mwenye kuikariri bila kujua sababu yake ataipeleka isikofaa.

3.3 Kutakasia

Kanuni iliyo ngumu kuliko zote kwa anayejifunza ni ile ya kutakasia. Hutokea katika awamu ya mtaji, wakati ambapo wachezaji wote wawili hawana cha kula. Mchezaji wa kwanza ametakata. Mpinzani wake naye hawezi kula, hivyo atalazimika kutakata. Ikiwa, jinsi ubao ulivyo, mchezaji wa kwanza atakuwa na uwezo wa kula shimo moja tu katika zamu ijayo, basi shimo hilo limetakasiwa, na mwenye shimo haruhusiwi kulizoa ili kulikimbiza.

Kanuni hiyo ina vizuizi vitatu. Shimo halitakasiwi likiwa ni nyumba ambayo bado haijavunjwa; wala likiwa ndilo pekee lenye kete katika safu ya mbele; wala likiwa ndilo pekee katika safu hiyo lenye kete zaidi ya moja. Kizuizi cha kwanza chalinda heshima ya nyumba. Viwili vya mwisho vyamlinda mchezaji aliyebakiwa na shimo moja tu la mbele la kutegemea, kwa kuwa kete moja iliyo peke yake shimoni haiwezi kuanza mwendo.

Ukiitazama kwa makini, kanuni ya kutakasia yajibu swali ambalo haliwezi kuulizwa na mtu anayeuanza mchezo: itakuwaje iwapo wawili wanafukuzana bila kukutana? Pasipo kanuni hiyo, aliye hatarini angekimbia kila zamu, na mashambulio yaliyoandaliwa kwa ustadi yasingezaa kitu. Wachezaji walilikuta tatizo, wakalitafutia dawa; kisha dawa ikazaa matatizo mengine, nayo yakatafutiwa vizuizi. Kanuni na vizuizi vyake ni tabaka moja juu ya jingine, na kila tabaka ni alama ya mabishano yaliyokwisha kusuluhishwa. Hakuna aliyeandika majina ya waliobishana. Hukumu yao ndiyo iliyobaki.

4.0 Kutoka Midomoni hadi Maandishini

Mchezo wa safu nne umo katika maandishi kwa muda mrefu. Mwaka 1658 Mfaransa Étienne de Flacourt, aliyekuwa gavana wa ngome ya Wafaransa kusini mwa Madagaska, alichapisha kitabu kuhusu kisiwa hicho na ndani yake akaueleza mchezo uitwao fifangha. Katika ushairi wa Kiswahili, Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, ana shairi linalojulikana kwa jina la Bao Naligwa. Jambo hilo laonyesha kwamba msamiati wa bao ulikuwa umeenea kiasi cha kumtosha mshairi kuzungumza na hadhira yake bila kuufafanua.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya mshairi na msafiri. Mshairi hahitaji kueleza kanuni, maana wasikilizaji wake wanazijua. Msafiri hueleza kile alichokiona, na alichokiona ni sehemu ya mchezo iliyotokea mbele yake siku hiyo. Mtu anaweza kukaa kibarazani juma zima bila kuona nyumba ikitakatwa kwa kete 2. Akiandika kitabu, kanuni hiyo haitakuwamo, na wala hatajua kwamba imekosekana. Kosa la maandishi ya namna hiyo halikuwa uvivu. Lilikuwa katika njia yenyewe ya kuuliza. Mwandishi aliuliza, "Mnachezaje?", naye akapewa jibu la swali hilo.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 njia ilibadilika. Mwaka 1977 Philip Townshend alichapisha uchunguzi wake kuhusu michezo ya aina hii katika Zaire ya wakati ule, Rwanda na Burundi, na mwaka 1982 akaandika kuhusu bao na maadili ya Waswahili. Mwaka 1995 Alex de Voogt aliwasilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Leiden kuhusu umahiri wa mafundi wa bao, baada ya kufanya kazi na mafundi wa Zanzibar. Umuhimu wa kazi hiyo kwa mada hii ni kwamba fundi hakuchukuliwa kama mtoa habari tu, bali kama mtaalamu ambaye fikra zake ndizo zinazochunguzwa. Swali halikuwa tena jinsi mchezo unavyochezwa kwa jumla, bali fundi aona nini anapoutazama ubao, na anahesabu mbele kwa kiasi gani kabla ya kuigusa kete.

Kwa swali la namna hiyo kanuni za pembezoni hazikwepeki. Fundi huzijua si kwa sababu alizisoma, bali kwa sababu mara nyingi ndizo anazozitumia kushinda. Mchezaji wa kawaida hujikuta katika hali ya kutakasiwa. Fundi humpeleka huko kwa makusudi.

5.0 Kompyuta kama Mwanafunzi Asiyeelewa Ishara

Mwanafunzi wa kibinadamu hujifunza kwa kuvumiliwa. Akikosea, mkono wake huzuiwa. Akiuliza, hujibiwa kwa ishara ya kichwa. Na hali isiyojulikana ikitokea, waliopo hukubaliana. Kompyuta haina stahamala ya aina hiyo. Programu ya mchezo sharti iambiwe kabla ya kuanza lifanyike nini katika kila hali inayowezekana, hata ile ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona. Ikiachwa bila jibu, husimama, au hufanya jambo la ajabu kwa utiifu kamili.

Mchezo wa kwanza wa jamii hii kupata umaarufu katika taaluma ya kompyuta ulikuwa kalah, wenye safu 2 za mashimo 6 na ghala moja kwa kila mchezaji. Ulienezwa Marekani na William Julius Champion katikati ya karne ya 20. Kwa kuwa kanuni zake ni chache, ulifaa kwa majaribio: mwaka 1969 James Slagle na John Dixon waliutumia katika utafiti wao kuhusu programu zinazopekua njia za mchezo. Mwaka 2000 Geoffrey Irving, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk walionyesha kwamba matoleo mengi madogo ya kalah yanaweza kutatuliwa kabisa, yaani kujulikana mshindi tangu mwanzo ikiwa pande zote mbili hazikosei. Mwaka 2002 John Romein na Henri Bal walitatua awari, mchezo wa safu mbili wenye asili ya Afrika ya Magharibi, kwa kuchunguza hali 889,063,398,406 kwa kutumia vichakataji 144 kwa muda wa saa 51. Jibu lilikuwa sare.

Matokeo hayo ni makubwa, lakini yana sharti moja ambalo msomaji wa haraka hulisahau. Kilichotatuliwa ni toleo moja la kanuni. Katika michezo ya jamii ya awari, kwa mfano, wachezaji wa sehemu mbalimbali hawakubaliani kuhusu mchezaji anayezila kete zote za mwenzake kwa mkupuo mmoja: wengine humruhusu, wengine humkataza, na wengine humruhusu kucheza lakini humnyima alichokula. Katika kalah pia kuna tofauti kuhusu nani apate kete zinazobaki upande mmoja unapokwisha. Kanuni ya pembezoni ikibadilika, mchezo unaotatuliwa ni mwingine.

Bao lilifika katika uwanja huo mwaka 2002, Donkers na Uiterwijk walipowasilisha kazi yao kuhusu kulitengenezea bao programu, katika mkutano uliofanyika Maastricht. Hapo kila neno la mafundi lilipaswa kugeuzwa amri isiyo na utata: nyumba huacha kuwa nyumba saa ngapi, shimo limetakasiwa kwa masharti gani, na zamu hulala wapi.

Swali hilo la mwisho ndilo lililo zito kuliko linavyoonekana. Kanuni yasema kwamba zamu huendelea mpaka kete ya mwisho iangukie shimo tupu. Haisemi kwamba jambo hilo lazima litokee. Tatizo laweza kuonyeshwa kwa mfano mdogo usiohitaji ubao. Yachukuliwe mashimo mawili tu, la kwanza likiwa na kete 3 na la pili kete 1, na kete zisambazwe kwa kupokezana kati ya mashimo hayo. Mchezaji azoapo 3 za shimo la kwanza, ataweka moja katika la pili, moja katika la kwanza, na ya mwisho katika la pili. Sasa la kwanza lina 1 na la pili lina 3, na kwa kuwa kete ya mwisho haikuangukia patupu, atazoa 3 za shimo la pili. Ataweka moja katika la kwanza, moja katika la pili, na ya mwisho katika la kwanza. Hali imerudi ilivyokuwa mwanzo: 3 na 1. Mwendo huo hauna mwisho. Mkono utachoka, lakini kanuni haitatosheka.

Binadamu akikutwa na jambo la namna hiyo hucheka, na waliopo huamua. Kompyuta hucheza mpaka umeme ukatike. Kwa hiyo mtengenezaji wa programu hana budi kuweka kikomo, na anapofanya hivyo ametunga kanuni mpya ya pembezoni. Kwa namna hiyo amekaa katika kiti kile kile walichokalia wazee wa barazani. Tofauti ni kwamba wao waliamua mbele ya watu na kwa lugha ya watu, ilhali uamuzi wake umefichwa ndani ya maandishi ambayo mchezaji hayaoni.

6.0 Somo kwa Katanga

Katanga ni nchi ya michezo ya safu nne kwa haki yake yenyewe, wala haikungojea bao la pwani. Waluba wana kisolo. Waila wa Zambia wana chisolo, ambao Edwin Smith na Andrew Dale waliueleza katika kitabu chao cha mwaka 1920. Wasukuma wana isolo na Wanyarwanda wana igisoro. Majina haya yanafanana kiasi cha kumshawishi mwanaisimu kuyaweka pamoja chini ya shina moja, -solo au -soro, ilhali Waswahili wa pwani waliuita mchezo kwa jina la chombo chake, yaani bao. Magharibi zaidi, katika Kasai, sanamu ya mfalme Shyaam aMbul aNgoong wa Wakuba, ambaye utawala wake huwekwa katika karne ya 17, ina ubao wa mchezo wa aina hii mbele yake kama alama ya kumtambulisha. Sanamu hiyo ilichukuliwa na Emil Torday mwanzoni mwa karne ya 20, na imo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London.

Historia ya Lubumbashi iliwaleta wenye michezo hiyo mahali pamoja. Baada ya kampuni ya Union Minière kuanzishwa mwaka 1906 na mji kuanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, wafanyakazi waliajiriwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Maniema, nchi ya Waluba na Ruanda-Urundi. Kiswahili kilichokua katika kambi hizo kilikuwa matokeo ya mapatano ya kila siku kati ya watu wasiokuwa na lugha moja ya nyumbani. Kisolo na igisoro navyo, vikikutana juu ya mashimo yale yale, havikuweza kuchezwa bila mapatano.

Ulinganisho huu na lugha haukuletwa kwa ajili ya pambo. Mwaka 1928 Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika Afrika ya Mashariki, na tangu hapo Kiswahili cha Lubumbashi kilipimwa mara nyingi kwa kipimo hicho na kuonekana kimejaa makosa. Asemaye "batoto" badala ya "watoto", au "katoto" na "tutoto" kwa udogo, au "niko mwalimu" pale msanifu asemapo "mimi ni mwalimu", hudhaniwa hajui kanuni. Kumbe anafuata kanuni nyingine, tena kwa uthabiti. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha aina hiyo historia ya mji wa Elisabethville kwa macho ya watumishi wa nyumbani, na Johannes Fabian aliichapisha na kuichambua mwaka 1990. Maandishi hayo yanatosha kuthibitisha kwamba kinachoitwa kosa chaweza kuwa ndicho kinachobeba historia.

Hatari inayoikabili michezo ya Katanga ni ya namna hiyo hiyo. Bao la Zanzibar limeandikwa kwa kina na kutengenezewa programu. Likiwa ndilo kipimo, mchezaji wa kisolo anayekula kwa namna nyingine ataambiwa kwamba amekosea bao, hali yeye hachezi bao. Mfano wa Uganda wafaa kutazamwa. Katika omweso, unaochezwa pia kwa safu 4 za mashimo 8 na kete 64, mchezaji hula mashimo yote mawili ya mpinzani yanayoelekeana naye, la mbele na la nyuma, yakiwa yote yana kete; katika bao huliwa la mbele peke yake. Kete zilizoliwa huanza kusambazwa kutoka pale mwendo ulipoanzia, si kutoka kichwani. Tena upo ushindi uitwao emitwe ebiri, yaani vichwa viwili, wa mchezaji aliyekula pembe zote mbili za mpinzani katika zamu moja. Anayeupima omweso kwa bao ataziona hizo kuwa kasoro tatu, wakati kwa Waganda ndizo roho ya mchezo.

Hali hiyo huwa mbaya zaidi kwa kijana anayeukuta mchezo kwa mara ya kwanza katika kompyuta au simu. Programu haimwambii kwamba imechagua toleo moja kati ya mengi. Hatua isiyokubaliwa na programu haionekani kwake kama hatua ya watu wengine, haionekani kabisa. Siku atakapomwona babu yake akiicheza, atamsahihisha.

Kwa mintarafu hiyo, kazi inayowangojea wanafunzi wa lugha na historia katika vyuo vya Katanga haihitaji vyombo vya gharama. Yahitaji kubadilisha swali. Anayekwenda Kasomeno, Kasenga au Bunkeya asianze kwa kumwuliza mzee jinsi mchezo unavyochezwa, kwani atapewa kile kinachopewa wageni. Aulize watu hubishana wapi. Aulize ni hatua gani inayokatazwa ijapokuwa yaonekana halali, nani aliyekuwa na haki ya kuamua, na iliamuliwaje. Aandike maneno yenyewe ya wachezaji, katika lugha yao, kabla ya kuyatafsiri kwa istilahi za bao la pwani. Kwani "kutakasia" ni neno lenye nadharia nzima ndani yake, na hakuna sababu ya kudhani kwamba wachezaji wa kisolo hawana maneno ya uzito huo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kanuni za pembezoni katika bao zina sababu, na kwamba sababu hizo ni historia. Kanuni ya kete 2 yalinda hiari ya nyumba; kanuni ya kete 16 yatokana na idadi ya mashimo; kutakasia na vizuizi vyake vyatatua ufukuzanaji usiozaa. Yameonyesha pia kwamba kalamu ya msafiri haikuweza kuzinasa kwa sababu iliandika kilichotokea, ilhali kanuni hizi zinahusu yale yanayoweza kutokea. Kompyuta ndiyo iliyolazimisha zisemwe zote, nayo ikafichua hata pale ambapo wachezaji wenyewe hawakuwa wamehukumu.

Wale wasafiri wawili wa Kasomeno wanaweza sasa kurejewa. Mikono imesimama juu ya shimo, na kila mmoja amesema lake. Watakachofanya ni kukubaliana, kwa Kiswahili, na mchezo utaendelea kwa kanuni ambayo dakika moja kabla haikuwako kwa sura hiyo. Gari likifika, mashimo yatafukiwa na nyayo. Mapatano hayo, yasipoandikwa na mtu aliyekuwapo, yatafukiwa pamoja nayo.